Mbooni: Milima Iliyozaa Vijiji vya Ukambani

Msafiri atokaye katika soko la Tawa na kushika njia ya kupanda kwenda Kikima, katika kaunti ya Makueni, huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Nyuma yake hubaki nchi ya joto, yenye miti ya miiba na mito ya mchanga isiyokuwa na maji ila siku za mvua. Mbele yake husimama milima ya Mbooni, yenye ubaridi na ukungu wa asubuhi, na miteremko yake imekatwa matuta, tuta juu ya tuta, mfano wa ngazi itokayo bondeni ikaenda mpaka juu. Mgeni asiyejua habari za nchi hii aweza kudhani matuta hayo yaliumbwa pamoja na milima. Sivyo. Yalichimbwa kwa majembe, na mikono iliyoyachimba, mingi yake ni mikono ya wanawake. Jinsi yalivyochimbwa, na sababu ya mengine kubomoka upesi na mengine kudumu, ni habari inayofungamana na desturi za vijiji vya Mbooni tangu zamani. Kwa hiyo yafaa isimuliwe tangu mwanzo.

ASILI YA JINA

Jina la Mbooni latokana na neno la Kikamba "mbo", maana yake nyati. Mbooni ni mahali penye nyati. Masimulizi ya wazee husema kwamba Wakamba walitoka upande wa mlima Kilimanjaro, wakaja kaskazini kidogo kidogo, wakakaa kwanza Nzaui, halafu Kilungu, na baadaye wakapanda Mbooni. Juu ya mwamba wa Nzaui iko hadithi nyingine, nayo husema kwamba Mulungu aliwashusha hapo mume na mke wa kwanza, na kwamba alama za nyayo zao na za mifugo yao zingali katika jiwe. Wataalamu wa historia waliolinganisha masimulizi ya koo mbalimbali hukisia kwamba watu walianza kukaa Mbooni katika nusu ya pili ya karne ya 17.

Watu hao wa kwanza walikuwa wawindaji hodari wa upinde na mshale wa sumu. Walifuata nyama, lakini mlimani walikuta kitu kilichowafunga zaidi kuliko nyama, nacho ni maji ya chemchemi na udongo wenye rutuba. Basi mwindaji akashika jembe. Msitu ukafyekwa, na mashamba yakalimwa mabondeni na kwenye miteremko.

Tangu wakati ule iliwekwa sheria ya ardhi ambayo wazee wengi waijua hata leo. Mtu aliyefyeka msitu na kulima alikuwa mwenye shamba lile, nalo liliitwa ng'undu. Lilikuwa lake na la wanawe baada yake. Penye majani ya malisho mtu aliweza kujiwekea mipaka kwa ajili ya ng'ombe wake, na mahali hapo paliitwa kisese. Nchi iliyobaki, isiyokuwa na mwenyewe, iliitwa weu, na watu wote walichunga humo. Sheria hizi ziliandikwa kitabuni na D. J. Penwill mwaka wa 1951, lakini zilikuwa zimekwisha kuamua kesi nyingi za mipaka kabla ya kalamu kufika.

MUSYI, THOME NA UTUI

Boma la mtu, pamoja na wake zake na watoto wake, huitwa musyi. Mbele ya lango la musyi palikuwa na uwanja ulioitwa thome. Jioni wanaume waliwasha moto hapo wakakaa kuuzunguka, nao wavulana wakakaa karibu yao wakisikiliza. Thome ilikuwa shule, ilikuwa baraza, na tena ilikuwa mahali pa kumpokea mgeni. Hapo mvulana alijifunza vitendawili, mipaka ya mashamba, deni la mbuzi lililosalia tangu siku za babu yake, na majina ya watu wasioweza kuoana kwa sababu ya ukoo. Wasichana nao walijifunza ya kwao jikoni kwa mama na nyanya, pamoja na kusuka kyondo na kutwanga mahindi katika kinu ili kupata muthokoi, chakula ambacho kimebaki kuwa fahari ya meza ya Mkamba popote alipo.

Misyi kadhaa zilizo jirani zilifanya utui, yaani kijiji. Hapa yafaa msomaji aangalie jambo moja, maana habari zote zinazofuata zatokana nalo. Utui haukuwa wa ukoo mmoja. Koo za Wakamba, ambazo wao huziita mbai, zimetawanyika katika nchi yote, na watu wa koo mbalimbali walikaa pamoja katika utui mmoja. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na ndugu wa namna mbili. Walikuwako watu wa mbai yake, waliokaa mbali, pengine safari ya siku nyingi, na walikuwako majirani wa utui wake, ambao hawakuwa damu yake lakini waliona moshi wa jiko lake kila asubuhi. Watu wa mbai walimfaa katika kesi kubwa, na katika njaa alipohitaji kukimbilia mbali. Majirani wa utui walimfaa katika kazi.

Mambo ya utui yaliamuliwa na wazee katika baraza lao lililoitwa nzama. Mahali pa ibada paliitwa ithembo, nako kulikuwa na mti mkubwa, mara nyingi wa jamii ya mtini, ambao haukuruhusiwa kukatwa. Wazee wanaume kwa wanawake walitoa sadaka hapo kabla ya mvua, au mvua ilipokataa, au mavuno mapya yalipokuwa tayari. Misheni ya Kikristo ilipofika Mbooni mapema katika karne ya 20, wengi wakaiacha ibada hiyo.

Mtoto alipozaliwa alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake alimvika mkufu wa shanga, ndipo akahesabiwa kuwa mtu kamili. Majina mengi yalikuwa kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wambua, wa asubuhi ni Kioko, wa usiku ni Mutuku au Nduku, wa safarini ni Kyalo, na wa vita ni Makau. Msichana aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua, kwa maana "yua" ni njaa. Watu wasiokuwa na kalenda ya kuandikwa waliweka kalenda yao katika majina ya watoto.

KUVUKA MTO ATHI

Watu walipozidi na mashamba yalipopungua, vijana wa Mbooni walianza kushuka. Wengine walikwenda Iveti, penye mji wa Machakos sasa. Wengine, katika karne ya 18, walivuka mto Athi na uwanda mrefu wa Yatta, wakaingia nchi ya Kitui. Hivi ndivyo Mbooni ilivyokuwa mama wa vijiji vingi, na ndiyo sababu mtu wa Kitui aweza kutaja kilima cha babu zake upande wa Makueni ingawa yeye mwenyewe hajakiona.

Kitui si nchi ya chemchemi kama Mbooni. Mvua yake hubadilika sana, na mito yake mikubwa kama Tiva na Thua hutiririka siku chache tu, kisha hubaki mchanga mtupu. Walioingia huko walilima mtama, mawele na kunde, wakafuga mbuzi na ng'ombe, wakaweka mizinga ya nyuki mitini, wakawinda ndovu. Lakini hawakukata uhusiano na mlima. Njaa ilipopiga upande mmoja, watu walichukua mbuzi, mishale, asali au mapambo, wakaenda kwa watu wao wa upande wa pili kubadilishana na chakula. Safari hiyo iliitwa kuthuua.

Katika safari hizo za kutafuta chakula watu walizoea njia ndefu na kupata rafiki wa mbali, na biashara ikakua mpaka ikafika pwani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Rabai na Mombasa, na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka wa 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake, na tarehe 3 Desemba mwaka ule aliuona kutoka Kitui mlima wenye theluji upande wa kaskazini-magharibi. Wakamba waliuita Kiinyaa, na kutoka katika matamshi hayo limetoka jina la nchi nzima ya Kenya. Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara wao ulishambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu.

NJAA ZENYE MAJINA

Katika Ukambani njaa kubwa hupewa majina kama watu. Ile ya mwaka wa 1898 na 1899 huitwa Ngomanisye, kwa maana ilienea kila mahali. Haikuacha upande hata mmoja ambao watu wangeweza kuukimbilia, kwa hiyo kuthuua hakukufaa kitu. Ilikuja pamoja na magonjwa ya watu, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, wakati uleule reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikipita katika nchi. Watu wengi sana walikufa.

Ile ya mwaka wa 1961 huitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa sababu baada ya ukame yalikuja mafuriko, barabara zikakatika, na chakula kikaangushwa kwa ndege. Ile ya mwaka wa 1984 huitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake ni "nafa huku nimeshika", kwani watu walikuwa na fedha mkononi lakini madukani hamkuwa na chakula cha kununua.

Ukiyasikiliza majina haya matatu utaona historia yote ya msaada. Zamani mtu alimkimbilia ndugu, kisha akaitazamia Serikali, kisha akatumainia fedha. Na kila tegemeo lilipata siku yake ya kushindwa. Wazee wa Mbooni walipofikiri juu ya jambo hili walirudi kwa yule jirani wa utui, na kwa desturi iitwayo mwethya.

MWETHYA WA ZAMANI

Mwethya ni kazi ya pamoja. Mtu aliyekuwa na kazi kubwa kupita nguvu za nyumba yake, kama kujenga nyumba, kufyeka shamba au kuvuna, aliwaita majirani. Mwenye kazi alitayarisha chakula, na wazee walipata pombe ya asali au ya miwa. Siku moja ya watu thelathini ilimaliza kazi ambayo mtu na mkewe wangeifanya mwezi mzima. Baadaye kila mmoja wao naye alikuwa na haki ya kuita.

Hakukuwa na mshahara, lakini haikuwa kazi ya bure. Deni la mwethya lilikumbukwa kuliko deni la mbuzi. Mtu aliyekula mwethya wa wenzake, kisha akakosa kwenda kwao bila sababu, alijikuta peke yake siku ya kuezeka nyumba yake mwenyewe. Tena walikuwako waimbaji. Mtungaji wa nyimbo, aitwaye ngui, aliongoza wimbo, na majembe yakafuata mapigo yake. Wavivu walitajwa katika nyimbo hizo kwa mafumbo ambayo kila mtu aliyafumbua. Watu wengi walichelea wimbo kuliko faini.

MWAKA WA 1938

Utawala wa Waingereza ulipokuja, Ukambani ulizungushiwa mipaka ya rizavu. Baadhi ya malisho mazuri, kama ya milima ya Mua, yalitolewa kwa walowezi, na uwanda wa Yatta ukahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, lakini weu ya kuhamia haikuwapo tena. Ukaja ukame na nzige mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930. Majani yakaisha, na mvua ilipokuja ikakuta udongo uko wazi, ikauchukua. Makorongo yakakatika kwenye miteremko ya Mbooni, Kilungu na Iveti. Wataalamu wa kilimo wa siku zile waliandika juu ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, kana kwamba ni nchi iliyokwisha kufa.

Serikali ilisema ng'ombe wamezidi. Wananchi walisema nchi imepunguzwa. Mwaka wa 1938 Serikali iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu, na ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa mnada kwa bei ndogo. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa akiba ya siku ya njaa, na alikuwa heshima ya musyi. Basi watu wakaunda chama, Ukamba Members Association, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Muindi Mbingu. Mwaka ule maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kusema na watu. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu uliachwa.

Wengi husimulia habari hii kama habari ya ng'ombe tu. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba ng'ombe waliporudi, makorongo yalikuwa palepale. Ushindi wa Kariokor uliondoa amri isiyotakiwa, lakini haukuzuia udongo kwenda mtoni. Kazi ya kuuzuia ilikuwa ingali ikingoja watu wa kuifanya.

TUTA LA AMRI NA TUTA LA HIARI

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, iliyokwisha mwaka wa 1945, Serikali ilileta fedha na maafisa wa kuhifadhi udongo. Katika nchi tambarare ya Makueni, iliyokuwa pori lenye mbung'o, msitu ulifyekwa na watu wakagawiwa mashamba kwa masharti. Vilimani machifu waliamriwa kuwatoa watu kuchimba matuta siku maalum za juma, na asiyefika alishtakiwa. Matuta mengi ya wakati ule yalikuwa mifereji myembamba, na udongo wake ulitupwa upande wa chini. Mvua chache ziliijaza mifereji hiyo matope, maji yakapita juu yake, na tuta likavunjika. Aliyelichimba hakuona sababu ya kulitengeneza. Kwake lilikuwa tuta la chifu.

Katika miaka ya 1950 njia ilibadilika. Maafisa wa maendeleo walitambua kwamba watu walewale waliokimbia kazi ya amri hawakukimbia mwethya. Basi vikundi vya mwethya viliachwa vichague viongozi wao wenyewe, vipange siku zao, na kuamua shamba la nani litatangulia. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivi, kwa sababu wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa, au katika jeshi na polisi. Nyimbo zikarudi shambani, na kazi iliyokuwa ya kuburutana na askari ikawa ya kushindana baina ya utui na utui.

Tuta lenyewe nalo lilibadilika. Katika nchi hii ya vilima vya Machakos ilienea namna iitwayo "fanya juu". Mchimbaji hupima mstari ulio sawa kukata mteremko, akachimba mfereji, lakini udongo huutupa upande wa juu badala ya upande wa chini. Juu ya ukingo ule hupandwa majani ya malisho, ambayo mizizi yake huushika udongo nayo yenyewe hulisha ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji hushuka na udongo wa shamba, yakakuta ukingo, yakasimama. Udongo hutua hapo na maji huzama chini. Mwaka kwa mwaka shamba la katikati hulala zaidi, mpaka mteremko unakuwa mfano wa ngazi. Maneno haya mawili ya Kiswahili, fanya juu, yameingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, nao wakulima wa Ethiopia pia huchimba matuta kwa jina hilohilo.

Kulikuwa na faida iliyoonekana. Katika miaka hiyohiyo Waafrika wa vilima hivi waliruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa haikupandwa ila penye matuta mazuri. Aliyechimba aliona malipo yake katika mti wa kahawa, na katika mahindi yaliyosimama wima wakati ya jirani yamenyauka.

Wakati wa Uhuru, mwaka wa 1963, matuta yalipuuzwa kwa muda, kwa maana mengine yalikuwa yangali yananuka amri ya zamani. Lakini watu wakarudi kuyachimba tena, mara hii hakuna aliyewatuma. Wilaya ya Machakos iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa na watu karibu 1,400,000 mwaka wa 1989, na hata hivyo ardhi ililindwa vizuri zaidi kuliko zamani. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya jambo hilo, na Mbooni ilikuwa moja ya mahali walipofanyia uchunguzi wao. Waliotabiri kifo cha nchi hii walikuwa wamehesabu watu na ng'ombe, lakini hawakuuhesabu mwethya.

MAJI CHINI YA MCHANGA

Desturi hiyo haikukaa mlimani tu. Katika nchi kavu ya chini, pande zote mbili za mto Athi, kazi kubwa ya mwanamke ni maji. Tangu zamani walijua kwamba mto wa mchanga haukauki wote, na ukichimba shimo hupata maji safi chini yake. Ila ukame ukizidi shimo huwa refu mno, na foleni ya mitungi na punda huanza kabla ya alfajiri.

Dawa yake imekuwa bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto, juu ya mwamba imara. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Mgeni akiona hudhani bwawa limeharibika kwa kujaa mchanga, kumbe ndivyo lilivyokusudiwa. Ndani ya mchanga mkubwa maji huweza kuchukua robo ya nafasi yote, au hata zaidi, na jua haliwezi kuyafikia kuyakausha, wala mbu hawezi kuzaa humo. Visima vya kando ya mto navyo hupanda maji.

Ukuta kama huo wataka mawe mengi na mikono mingi. Utooni, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1978 na Joshua Mukusya na wenzake, lilijenga mabwawa ya namna hii kwa vikundi vya wanakijiji wa Machakos na Makueni. Kitui nako shirika la SASOL, pamoja na wananchi, limejenga mabwawa mamia. Mashirika huleta saruji na fundi. Wanakijiji huleta mawe, mchanga, maji na jasho. Ukienda siku ya kazi utaona mstari wa wanawake wakipitishiana karai kutoka mkono hata mkono, na mmoja akiongoza wimbo. Wao wenyewe wakiulizwa, husema ni mwethya.

SIKU HIZI

Makueni ilitengwa na Machakos mwaka wa 1992, na tangu mwaka wa 2013 Makueni na Kitui ni kaunti zenye serikali zao. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 Makueni ilikuwa na watu 987,653 na Kitui 1,136,187. Shule ni nyingi, na watoto wa vijiji hivi ni walimu, makarani, askari na wafanyabiashara katika miji yote ya Kenya. Hayo ni mema ya kushukuriwa. Lakini yana gharama yake katika utui.

Mashamba ya mlimani yamegawanywa baina ya wana na wajukuu mpaka mengine ni vipande tu, na kisese cha zamani hakionekani tena. Thome imenyamaza, kwani vijana wako mbali, na waliopo jioni hukaa sokoni. Mwethya nao umepata mshindani, ambaye ni ujira. Mara kwa mara huja mradi wa kuwalipa watu fedha au chakula ili wachimbe matuta au kujenga barabara. Katika mwaka wa njaa msaada huo huokoa maisha, wala hakuna mwenye moyo awezaye kuulaumu. Lakini wazee wameona pia kwamba mara nyingine mradi ukifungwa majembe hufungwa nao, na kijana aliyezoea kulipwa huuliza malipo hata anapoitwa kutengeneza tuta lililo juu ya shamba la mama yake.

Hapo ndipo penye hatari. Tuta la fanya juu si kazi ya kufanywa mara moja ikaisha. Kila mwaka mfereji hujaa na ukingo hutobolewa na maji, fuko au kwato za ng'ombe. Likiachwa misimu michache hufunguka mahali pamoja, na maji yatokayo hapo hushuka kwa nguvu yakavunja tuta la chini, na la chini yake tena, mpaka korongo linapasuka kutoka shamba la juu hata bondeni. Kwa hiyo uzembe wa mtu mmoja hauharibu shamba lake tu. Katika nchi ya mteremko mtu hulima akiwa chini ya jirani mmoja na juu ya mwingine, na maji hayajui mipaka ya ng'undu. Wazee waliokaa katika utui wa koo mbalimbali walijua hayo bila kufundishwa na mtaalamu. Hata methali yao husema kidole kimoja hakivunji chawa.

Dalili njema hazijakosekana. Vikundi vya wanawake vya kuweka akiba hukutana kila juma katika vijiji vingi vya Makueni na Kitui, na baadhi yao huanza siku ya mkutano kwa kulima shamba la mwenzao mmoja kabla ya kuhesabu fedha. Wenye kazi mijini wasioweza kurudi kuchimba hutuma fedha za chakula cha mwethya, na kwa njia hiyo hubaki katika hesabu ya utui.

Katika Ukambani mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Kabla yake, mwezi wa Septemba, jua likiwa kali na ardhi ikiwa ngumu kama tofali, ndiyo wakati wa kuzibua mifereji na kujaza matundu ya kingo. Anayepita Mbooni siku hizo huwasikia walimaji kabla ya kuwaona, kwa sababu ya wimbo. Mahali panapoimbwa, tuta litaingia katika mvua likiwa zima. Mahali palipo kimya ndipo wazee hupatazama kwa wasiwasi mawingu yanapoanza kujikusanya juu ya Yatta.